Droni za jeshi na fedha za ulinzi: Bunge linauliza nini kwa niaba yetu?

Kila inaposomwa bajeti, sisi tuishio mitaa ya Eastlands hutega sikio kwa bei ya unga, mafuta na nauli. Fungu la ulinzi likitajwa tunalipita tu, kana kwamba halituhusu. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 fungu hilo lilivuka shilingi bilioni 200. Ndani yake mna mishahara ya wanajeshi, mafuta, silaha na vyombo vya kuangalia watu kutoka angani. Nataka kueleza nani ana haki ya kuuliza fedha hizo zinanunua nini, na kwa nini droni huponyoka maswali hayo kwa urahisi kuliko askari mwenye buti.

Naandika nikiwa Umoja, lakini mimi ni mtu wa pwani, na jambo hili linatugusa kote kuwili. Huku Eastlands, kambi ya jeshi la anga ya Moi iko Islii, imepakana na makazi ya watu. Huo ndio uliokuwa uwanja wa ndege wa Nairobi kabla ya Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, na ni miongoni mwa kambi walikotoka wanajeshi wa anga waliojaribu kuipindua serikali tarehe 1 Agosti 1982. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa Islii, na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Kule kwetu, operesheni ya Linda Boni ilianza Septemba 2015, na tangu hapo Lamu imezoea magari ya jeshi barabarani na ndege juu ya msitu.

Wazee wetu walisema macho hayana pazia. Droni ya upelelezi ni jicho hilo hasa. Chukua mfano wa ScanEagle, ya kampuni ya Kimarekani ya Insitu. Mabawa yake ni kama mita tatu, hurushwa kwa mtambo bila kuhitaji uwanja, na huweza kukaa angani saa 20 na zaidi. Kamera yake ya joto huona gizani. Lakini kuona si kutambua. Mvuvi wa Kiunga aliyetoka usiku na mashua isiyo na taa, au kijana wa Huruma aliyekaa juu ya paa akipunga upepo, kwa kamera hiyo ni doa la joto tu. Anayeamua kuwa doa hilo ni mvuvi au ni adui ni mtu aliyekaa mbele ya kioo, mbali. Ndiyo maana inafaa kujua ni nani aliyempa kazi hiyo, kwa sheria gani, na picha zinahifadhiwa wapi.

Katiba ya 2010 imeweka milango mitatu ya kuuliza.

Mlango wa kwanza ni wa kutuma jeshi. Kifungu cha 241 kinasema jeshi likisaidia wakati wa dharura au janga, ni lazima Bunge la Taifa lipewe ripoti. Likitumwa kurejesha amani katika sehemu yoyote ya Kenya, ni lazima Bunge liidhinishe. Na Kifungu cha 240 kinataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi ya kigeni kuwekwa nchini. Tuliuona mlango huu ukibishwa mwaka 2024. Tarehe 25 Juni, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, Waziri wa Ulinzi Aden Duale alichapisha tangazo la kutuma jeshi kusaidia polisi. Kesho yake wabunge wakapitisha. Chama cha Mawakili kikaenda mahakamani. Jaji Lawrence Mugambi hakulizuia jeshi, lakini aliagiza serikali itangaze wanajeshi watakuwa wapi, watafanya nini na kwa muda gani.

Sasa tazama kasoro. Mlango huu uliundwa kwa ajili ya askari anayekanyaga ardhi. Droni haikanyagi popote. Inaweza kupaa kutoka kambi moja, ikazunguka juu ya Dandora au Basuba usiku kucha, ikarudi, na serikali ikasema hakuna jeshi lililotumwa popote. Kanuni za droni zilizotolewa nchini mwaka 2020 nazo ni za usafiri wa anga wa kiraia, na sheria ya kulinda data ya 2019 imeacha nafasi ya msamaha kwa jambo likiitwa la usalama wa taifa.

Mlango wa pili ni fedha. Hakuna shilingi inayotumika bila Bunge kuipitisha, na Kamati ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni ndiyo inayochambua makadirio ya wizara. Tatizo ni kwamba makadirio hayo huja kwa mafungu makubwa. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 nayo inaruhusu vyombo vya usalama kuwa na orodha mbili, moja ya vitu vya wazi na nyingine ya siri. Bunduki na buti, mchele na droni, vyote vyaweza kupita katika jumla moja.

Mlango wa tatu ni ukaguzi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukagua hata jeshi, na Kifungu cha 229 kinalipa Bunge miezi mitatu kujadili ripoti yake. Lakini ukaguzi huja fedha zikishatumika. Sisi wa pwani tunaikumbuka KNS Jasiri. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2003, ukaingia katika orodha ya mikataba ya Anglo Leasing, na meli ikafika Mombasa mwaka 2012. Miaka tisa!

Wabunge wakitaka, wanaweza. Mwaka 2014 serikali ilipoipa Safaricom kandarasi ya karibu shilingi bilioni 15 kuweka kamera 1,800 Nairobi na Mombasa, kamati ya usalama ya Bunge, ikiongozwa na Asman Kamama, iliusimamisha mpango huo, ikahoji bei na njia ya kutoa zabuni, kisha ikauruhusu. Kamera zile zilikuwa chombo cha kuangalia raia kama droni ilivyo, na hakuna siri ya taifa iliyoporomoka kwa sababu bei yake ilitajwa.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba habari za anga yetu mara nyingi huzisikia kwanza kutoka kwa wengine. Januari 2017 serikali ya Marekani ililiarifu Bunge lake kwamba Kenya inataka ndege 12 za kivita aina ya Air Tractor na mbili za mafunzo, kwa hadi dola milioni 418. Sheria yao inalazimisha taarifa hiyo itolewe. Mbunge wao Ted Budd akauliza kwa nini bei ni kubwa hivyo na kwa nini kampuni ya jimbo lake iliachwa. Aliuliza kwa maslahi ya watu wake, sawa, lakini aliuliza hadharani, na mlipa kodi wa Kayole akaijua bei kupitia Washington.

Vivyo hivyo Manda. Al-Shabaab waliposhambulia kambi tarehe 5 Januari 2020 na kuwaua Wamarekani watatu, wengi wetu ndipo tulipojua ni ndege gani za upelelezi zilizokuwa zikiruka kutoka kule, kwa kuwa picha zilizionyesha zimeungua. Mwezi Septemba gazeti la New York Times likaripoti kwamba makamanda wa Marekani wanataka ruhusa ya kushambulia kwa droni mashariki mwa Kenya. Matokeo ya uchunguzi wa shambulio lile yalitolewa na Marekani mwaka 2022. Anga ni ya Lamu, maelezo yanatoka kwingine.

Wajerumani wana utaratibu ambao tungeweza kuuiga. Ununuzi wowote wa kijeshi unaopita euro milioni 25 hurudi mbele ya kamati ya bajeti ya Bunge kabla ya mkataba kutiwa saini. Droni zao za Heron TP zilibishaniwa kwa miaka, na ruhusa ya kuzifunga silaha ikapatikana Aprili 2022. Jeshi lao halikudhoofika kwa kuulizwa.

Sisemi Kenya isiwe na droni. Aliyezika jamaa baada ya Mpeketoni au Garissa hawezi kusema hivyo. Siri za mahali na saa ya operesheni zibaki siri. Lakini idadi ya vyombo, bei yake, sheria inayovitawala na muda wa kuhifadhi picha si siri za vita. Bunge liseme wazi kwamba kuruka kwa droni ya jeshi juu ya makazi ya raia kuhesabiwe kuwa ni kutumwa kwa jeshi, na kuripotiwe kama Kifungu cha 241 kinavyotaka. Palipo na siri ya kweli, kamati ikae faragha. Kifungu cha 118 kinaruhusu, kwa sharti kwamba Spika aone pana sababu za kipekee.

Na sisi tunaweza kuanza. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na hata ikikataa, ikatae kwa sababu. Mbunge wa Kamukunji, wa Embakasi, wa Lamu Mashariki, wote wana haki ya kusimama na kumuuliza Waziri. Wakija kuomba kura 2027, tuwaulize ni mara ngapi waliuliza.