Ahadi ya Mfalme Akbar

Wapenzi wa filamu za Kihindi hapa Visiwani hawahitaji kuelezwa Mughal-e-Azam ya mwaka 1960 ni filamu gani. Wengi huikumbuka kwa fahari yake, hasa pale Madhubala anapocheza katika ukumbi wa vioo na sura yake ikatapakaa dari nzima. Filamu karibu yote ni nyeusi na nyeupe, lakini mwongozaji K. Asif aliupiga wimbo huo kwa rangi.

Sisi macho yetu huwa kwa Mfalme Akbar. Mwanawe, Salim, ampenda Anarkali, mcheza ngoma wa ikulu. Baba akataa, na mwana amwinulia baba silaha. (Kisa ni hekaya zaidi kuliko historia.) Salim ashindwa vitani, Anarkali ajitoa ili kumwokoa, naye ahukumiwa kuzikwa hai ukutani.

Hapo ndipo deni la zamani linapodaiwa. Salim alipozaliwa, Akbar alimwahidi mjakazi aliyemletea habari kuwa atampa lolote atakaloomba. Mjakazi huyo ndiye mama yake Anarkali. Mfalme hawezi kuvunja ahadi, wala hataki hukumu yake ionekane imetenguka. Basi amwachia msichana kwa siri, atokomee asionekane tena, na Salim aamini kuwa amekufa.

Heshima ya dola imesalimika. Aliyeilipia ni asiye na cheo, na hilo wakubwa wetu walitazame kuliko vioo.

Madhubala aliigiza akiwa mgonjwa wa moyo, amefungwa minyororo mizito. Alifariki mwaka 1969, akiwa na miaka 36.