Visikizio vya Masikioni

Katika masoko ya Kolwezi, kando ya meza za kufuli, tochi na betri, vimetundikwa visikizio vya masikioni ndani ya vifuko vya plastiki. Ni vile vidude viwili vyenye uzi, ambavyo watu wengi huviita ekuteri kwa kufuata Kifaransa. Bei yake ni ndogo. Kijana hununua, hurudi nyumbani, huchomeka uzi katika simu, hutia vidude masikioni, na mara hukunja uso. Muziki unalia kama kopo tupu. Ngoma haisikiki, besi haipo, na maneno ya mwimbaji yanakwaruza. Basi husema, "Nimeibiwa." Pengine ni kweli, maana viko visikizio vilivyo vibovu tangu siku ya kutengenezwa. Lakini mara nyingi kisikizio hakina kosa. Kosa ni namna ya kukitumia.

Tazameni kwanza kilichomo ndani. Ukikipasua kisikizio kilichokufa utaona vitu vitatu: sumaku ndogo, utando mwembamba wa plastiki, na waya mwembamba kuliko unywele uliozungushwa mara nyingi kama pete. Pete hiyo imegandishwa katika utando, na imekaa karibu sana na sumaku. Simu hupeleka umeme katika waya, mara huku mara huku. Waya wenye umeme nao huwa sumaku, na kwa hiyo ile sumaku ya kwanza huuvuta na kuusukuma. Waya ukienda, utando huenda nao. Utando ukitikisika, hewa hutikisika. Na hewa inayotikisika ndiyo sauti. Ngoma kubwa hutikisa hewa kama mara 50 au 100 kwa sekunde moja. Mlio wa njuga huitikisa mara maelfu. Sikio zima la mtoto husikia tangu mitetemo 20 hata 20,000 kwa sekunde.

Waya ule kwa kawaida ni wa shaba. Watoto wa Lualaba hawana haja ya kufundishwa shaba ni nini. Wahenga wao waliyeyusha mawe ya kijani katika tanuru za udongo, wakamimina shaba katika umbo la msalaba. Na misalaba ile haikuwa alama ya dini, bali ilikuwa fedha ya kununulia na ya kutolea mahari. Zamani za Zaire, hata mwaka 1997, jimbo lote la Katanga liliitwa Shaba. Tena si shaba peke yake. Sumaku zenye kobalti ndani yake, zilizochanganywa na madini yaitwayo samariamu, zilikuwa na nguvu nyingi katika umbo dogo, nazo zilitumiwa katika visikizio vyepesi. Siku hizi sumaku nyingi za visikizio ni za neodimiamu na chuma, ambazo zilianza kutengenezwa miaka ya 1980. Huenda basi shaba iliyo ndani ya kidude cha sokoni ilichimbwa pale Kamoto, ikasafiri mpaka China, ikarudi Kolwezi katika kifuko cha plastiki.

Sasa turudi kwa kijana wetu na kopo lake tupu. Kwa nini besi imepotea?

Utando wa kisikizio ni mdogo, upana wake kama sentimita moja, au chini ya hapo. Hauwezi kutikisa hewa ya nyumba nzima kama kipaza sauti kikubwa cha kanisani. Unaweza kutikisa tu ile hewa kidogo iliyomo katika tundu la sikio. Chukueni pampu ya baiskeli. Ukiziba tundu lake kwa kidole na kusukuma, utasikia nguvu ya hewa kidoleni. Ukiondoa kidole, hewa hutoka zake, wala husikii nguvu yoyote. Ndivyo ilivyo katika sikio. Kisikizio kikikaa vibaya, pananyemelea pengo dogo kati yake na ngozi. Sauti nyembamba ni msukumo wa haraka sana. Hewa haiwahi kutoroka penye pengo. Sauti nene ni msukumo wa polepole. Hewa hutoroka kabla ya kulifikia sikio. Kwa hiyo njuga husikika na ngoma hupotea. Pengo jembamba kama kipande cha karatasi latosha kufanya hasara hiyo.

Hii ndiyo sababu ya zile kofia ndogo za mpira. Katika kifuko kwa kawaida zimo jozi tatu: ndogo, za katikati na kubwa. Za katikati zimekwisha kuvikwa. Nyingine watu hutupa pamoja na kifuko, au huwapa wadogo zao wachezee. Ni hasara kubwa kuliko wanavyodhani. Masikio ya watu hayalingani, na hata masikio mawili ya mtu mmoja pengine hayalingani: la kulia lataka kofia ya katikati, la kushoto lataka kubwa. Si aibu kuvaa mbalimbali. Afadhali kuzijaribu zote kabla ya kulaumu mwenye duka.

Kutia nako kuna namna yake. Tundu la sikio halikunyoka, limepinda. Kwa mkono wa kushoto, upitishao nyuma ya kichwa, shika sikio la kulia kwa juu, ulivute polepole kwenda juu na nyuma. Tundu hunyoka kidogo. Hapo tia kisikizio kwa mkono wa kulia, ukikizungusha kidogo, kisha uachilie sikio. Angalia pia herufi: L ni ya kushoto, R ni ya kulia. Vingi vimetengenezwa kwa mshazari, na ukivibadilisha havitakaa.

Namna ya kujua kama sikio limezibwa vema ni rahisi. Funga kinywa useme "mmm." Kama sauti yako mwenyewe yasikika nene kichwani, kana kwamba wasema ndani ya chungu, basi hakuna pengo. Kama yasikika kama siku zote, jaribu kofia nyingine. Wengine hupitisha uzi juu ya sikio na kuushusha nyuma. Huko uzi haugongi nguo sana, na ile kelele ya kukwaruza wakati wa kutembea hupungua. Jambo jingine: vidude vingi vina tundu dogo sana mgongoni. Si uchafu, wala si alama. Ni mahali pa hewa kupumua, na ukilibandika utando hukosa nafasi ya kwenda na kurudi.

Halafu vumbi. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano hata wa tisa, vumbi jekundu la Kolwezi huingia kila mahali, nalo likichanganyika na nta ya sikio huwa kama udongo wa mfinyanzi. Huziba kile chujio kidogo mdomoni mwa kisikizio. Upande mmoja huanza kulia kwa chini, na mwenyewe hudhani umeharibika. Vua kofia, ioshe kwa maji na sabuni, uikaushe kabisa. Kidude chenyewe kisiguswe na maji. Kishike mdomo ukiangalia chini, ukipiguse kwa mswaki mkavu na laini, ili uchafu uanguke nje. Usichokoe kwa sindano, maana sindano husukuma uchafu ndani na kutoboa utando. Na mwenye sikio linalotoka usaha asitie kisikizio kabisa, wala asimwazime mwenzake chake. Aende kwanza kwa mganga wa hospitali.

Kuna ugonjwa mmoja wa ajabu, ambao huwafanya watu kufikiri simu yao imerogwa. Wimbo unalia, gitaa lasikika kwa mbali, lakini mwimbaji hayupo! Maelezo yake ni haya. Katika nyimbo nyingi sauti ya mwimbaji imetiwa sawasawa upande wa kushoto na wa kulia, na vyombo vimegawanywa, kimoja huku, kingine kule. Umeme huenda kwa nyaya mbili, lakini hurudi kwa njia moja ya pamoja. Njia hiyo ya kurudi ikikatika, au ikikosa kugusa, umeme wa pande mbili hushindana. Kilicho sawa pande zote mbili hujifuta, kama watu wawili wenye nguvu sawa wavutanao kamba: kamba haiendi po pote. Hubaki tofauti tu, yaani vyombo vya pembeni. Dawa yake ni kusukuma kichomeo mpaka mwisho. Kama bado, tazama katika tundu la simu. Nyuzi za mfukoni hujaa humo. Zima simu, uzitoe kwa kijiti cha meno. Futa kichomeo kwa kitambaa. Kama mwimbaji anarudi ukibonyeza kile kitufe cha uzi, na kutoweka ukikiachilia, basi pete za kichomeo hazikupangwa kwa simu ile. Jaribu simu nyingine. Lakini kama anarudi uzi ukipindwa tu, basi shaba imekatika ndani. Hukatika hivyo kwa watu wanaouzungusha uzi kwa nguvu mwilini mwa simu. Uzungushe legelege, mviringo upana wa kiganja.

Pengine kisikizio ni kizima na wimbo ndio mgonjwa. Nyimbo katika simu zimebanwa ili zisichukue nafasi nyingi. Wimbo wa MP3 wa dakika 4 uliobanwa kwa kiasi, hufika karibu megabaiti 4. Ukiukuta na megabaiti 2 au chini yake, umekamuliwa mno: matoazi yake hulia kama maji yakimwagwa juu ya kaango la moto. Kunakili wimbo toka simu hata simu hakupunguzi kitu, hata mara mia. Kinachopunguza ni kuubana tena. Na uliokwisha kubanwa haurudi, hata ukiandikwa upya kwa megabaiti 10. Unga uliopepetwa ukapeperushwa na upepo hauokotwi.

Simu nyingi zina mahali pa kuongeza na kupunguza sauti nene na nyembamba. Vijana hukimbilia kuongeza besi mpaka mwisho. Utando mdogo hushindwa, sauti hupasuka. Njia bora ni kinyume: acha nene ilivyo, punguza kidogo zile zinazozidi, kisha uongeze sauti yote kidogo. Kwa masomo ni vema kupunguza hata besi. Herufi s, f na t zinakaa katika mitetemo ya juu, maelfu kwa sekunde, na besi nyingi huzifunika. Mwanafunzi asikilizaye imla ya Kifaransa katika simu huandika vibaya, na mwalimu humkata alama, kumbe kosa ni la besi.

Tena kisikizio kinachoziba vema hakitaki sauti kubwa, kwa sababu kelele za nje zimezuiwa. Jambo hili si dogo. Ndani ya kila sikio mna chembe zenye nywele zipatazo 15,000 hivi, ambazo hugeuza mtetemo kuwa habari ya kupelekwa ubongoni. Mtu huzaliwa nazo, na zikifa haziоti tena. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 za juma. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo katikati. Hesabuni: 78 ni saa 20, 81 ni saa 10, 84 ni saa 5, 87 ni saa mbili na nusu, 90 ni saa moja na robo tu kwa juma zima. Na simu nyingi, zikifunguliwa mpaka mwisho, hupita 100. Wapo wazee waliotumia mashine za kutoboa mwamba katika migodi. Ukiwaamkia huweka mkono nyuma ya sikio. Wao walikuwa kazini. Masikio yakivuma baada ya kuvua visikizio, sauti ilikuwa kubwa mno.

Na njiani vivuliwe vyote viwili. Malori ya shaba na kobalti hupita mchana na usiku kwenda Likasi na mpaka wa Kasumbalesa, na kofia iliyozuia kelele ya soko huzuia pia honi ya lori.

Atakaye kupima visikizio vyake na atafute wimbo "Masanga" wa Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Jadotville, yaani Likasi ya leo. Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Hakuna ngoma humo, ni gitaa moja tu: kidole gumba chapiga nyuzi nene, na kingine chacheza juu ya nyembamba. Kofia ikikaa vibaya, gumba hupotea kabisa. Tena siku hizo sauti ilirekodiwa kwa njia moja, si kushoto na kulia, kwa hiyo gitaa lapaswa kusikika katikati ya kichwa hasa. Likiegemea kulia, sikio la kushoto halijazibwa, au chujio lake lina vumbi. Hapo chukua mswaki. Kisha sikiliza Missa Luba, ambayo watoto na walimu wa Kamina waliirekodi mwaka 1958 pamoja na Padri Guido Haazen, Mfransisko. Humo ngoma zimo, sauti za wavulana ziko juu, na za walimu wao ziko chini, kila moja mahali pake.