Matapeli wa simu na wazee wetu

Ndugu msikilizaji, zamani tapeli wa mjini alimvizia mzee stendi ya mabasi, au mlangoni mwa benki siku ya pensheni. Siku hizi hana haja ya kutoka nyumbani. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia Tanzania mwaka 2008, anachohitaji ni namba ya mzee tu. Wiki hii tuzungumzie wizi huo, na wajibu wetu sisi watoto.

Watu wengi wakisikia mzee katapeliwa huuliza: "Mbona hakushtuka?" Swali hilo si la haki. Uongo wa tapeli hujengwa juu ya mambo ya kweli ambayo mzee ameyaona. Akiambiwa laini yake itafungwa, anakumbuka kwamba Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa kweli. Akiambiwa utaratibu wa pensheni umebadilika, anakumbuka kwamba mwaka 2018 mifuko ya PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF. Mwaka 2024 Tigo Pesa nayo ikageuka Mixx by Yas. Mambo yakibadilika namna hiyo, mzee atajuaje lipi la kweli na lipi la kubuni?

Mbinu zilizoenea ni tatu. Ya kwanza ni ya "nimekosea". Unaingia ujumbe ulioandikwa kama wa kampuni ya simu, kwamba umepokea shilingi 150,000. Mara simu inalia: "Mama, nimekosea namba, nirudishie, nina mgonjwa hospitali." Mama anarudisha fedha ambazo hakuzipokea kamwe. Ya pili ni ya mtoto: mjukuu ameanguka shuleni, anatakiwa kupimwa sasa hivi, tuma fedha. Ya tatu ni ya ofisi: mpigaji anajiita afisa wa pensheni au wa kampuni ya simu, anataka namba ya siri, au "ada" ili mafao yatoke.

Hadithi ni tatu, lakini zote zina haraka, zina hofu au tamaa, na zina sharti la kutokata simu. Tapeli anajua kwamba mzee akipata dakika tano za kumwuliza mtu, kazi imeharibika.

Kwa hiyo hatuwezi kumfundisha mzee kutambua kila uongo, maana kesho utazuka mwingine. Tumpe kanuni moja: kata simu, kisha piga wewe mwenyewe namba unayoijua. Habari ni ya mjukuu? Mpigie mzazi wake au mwalimu. Ni ya kampuni ya simu? Piga 100. Ni ya pensheni? Nenda ofisini. Ujumbe unasema fedha zimeingia? Tazama salio kwanza. Namba ya siri haiombwi na afisa yeyote wa kweli. Mwandikieni mzee namba hizo kwa tarakimu kubwa, mzibandike ukutani.

Namba ya tapeli nayo isiachwe. Iripotiwe kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Na kama fedha zimekwisha kwenda, piga 100 papo hapo, kwani zikiwa hazijatolewa kwa wakala zaweza kuzuiwa. Kisha mwende polisi.

Hapo penye "papo hapo" ndipo familia nyingi zinaposhindwa. Mzee anayekaripiwa na watoto wake kwa kusahau miwani hatathubutu kusema kwamba katuma laki tatu. Atanyamaza wiki nzima, na tapeli akipiga tena kwa ahadi ya kumrudishia, atatuma tena. Wengine huona dawa ni kumnyang'anya simu. Huko ni kumgeuza mtoto mtu aliyetulea, na kumkosesha hata njia ya kutuita akiugua.

Basi jioni ya leo, kabla halijatokea, kaa naye umwambie: "Baba, au mama, mtu akikupigia kuhusu fedha, nipigie kwanza, hata kama ni usiku wa manane. Na ukiwa umeshatuma, nipigie vilevile. Sitakulaumu." Kisha siku akipiga, timiza ahadi hiyo. Hadi wiki ijayo, kwaheri.