Watoto Wazaliwao na Uzito Haba

Zamani za misafara, mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa kadiri ya frasila mbili, nao ulipimwa kabla ya safari. Lakini watoto wetu wazaliwao majumbani wengi hawapimwi, na upungufu wao haujulikani. Waganga wamekubaliana ya kuwa mtoto aliyepungukiwa na kilo 2 na nusu siku ya kuzaliwa ana uzito haba. Huyo hupoteza joto upesi, hunyonya kwa shida, na maradhi humwua kwa urahisi kuliko wenziwe.

Wako wasemao kwamba ni udogo wa ukoo tu. Pengine ni kweli, lakini mara nyingi sivyo. Ama mtoto amezaliwa kabla ya kutimia majuma 37 ya mimba, ama muda umetimia lakini hakukua vema tumboni.

Katika nchi hii ya Tabora, yenye mvua za Novemba hata Aprili na mbuga za mpunga zituamazo maji, mshitakiwa mkubwa ni malaria. Twapenda kulieleza jambo hili kwa urefu, maana huwadanganya hata wenye akili. Mwenye mimba aweza kuwa na vijidudu vya malaria wala asione homa. Vijidudu hushika katika kondo la nyuma, mahali mtoto apatapo chakula na hewa kutoka damu ya mama, na pengine damu ya kidoleni ikipimwa havionekani. Chakula cha mtoto hupungua, na mama naye hupungukiwa na damu. Mimba ya kwanza ndiyo yenye hatari zaidi. Kwa kuwa mwili wa mama, ijapokuwa umeizoea malaria tangu utotoni, haujapata kupigana na vijidudu vya kondo.

Ndiyo sababu vidonge vya SP hutolewa kliniki kwa mwanamke asiye mgonjwa: kuanzia mwezi wa nne, mwezi mmoja ukipita kati ya dozi na dozi, zisipungue 3, isipokuwa mganga amemzuia kwa ajili ya dawa nyingine atumiazo. Ajaye mwezi wa nane hawezi kuzitimiza. Tena alale katika chandarua chenye dawa.

Sababu nyingine ni kaswende, damu kupanda, mapacha, pombe, mimba zifuatanazo upesi, na msichana kuzaa kabla mwili wake haujakomaa. Njaa ya kabla ya mavuno nayo imo. Wako mabibi wazee wamwambiao binti ale kidogo ili mtoto asimsumbue wakati wa kuzaa. Twawaheshimu, lakini hapo wamekosa.

Kwa wenzetu wa Urambo, Kaliua na Sikonge twaongeza neno la tumbaku. Moshi wa mvutaji humdhuru mtoto aliye tumboni, hata kama mvutaji ni baba. Na sumu ya majani mabichi yenye umande hupita katika ngozi ya mchumaji. Basi mwenye mimba asipewe kazi hiyo.

Mtoto akizaliwa mwepesi, awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, kama walivyoanza waganga wa Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978. Anyonyeshwe mara kwa mara, asiogeshwe siku ya kwanza, na hivyo hivyo kifuani apelekwe hospitali.