Homa Inayorudi Baada ya Mafua

Neno mafua limebeba magonjwa mawili yasiyolingana uzito. Wa kwanza ni wa pua na chafya, na mtu huugua huku akiendelea na kazi zake. Wa pili ni influenza: homa hupanda ghafla, viungo vyote huuma, kikohozi huwa kikavu na mwili huishiwa nguvu. Virusi vyake huanza kuambukiza yapata siku moja kabla ya dalili, kwa hiyo mfanyakazi wa shamba la maua Nduruma, mkoani Arusha, aliyebanana na wenzake garini, huweza kuwaambukiza akiwa bado anajiona mzima. Wengi hulaumu baridi ya Juni na Julai. Baridi huchangia, maana hutukusanya ndani madirisha yakiwa yamefungwa, lakini pasipo virusi haileti influenza.

Itasemwa kwamba watu wengi hupona ndani ya wiki moja, na ni kweli. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kila mwaka watu 290,000 hadi 650,000 hufa kwa maradhi ya upumuaji yanayotokana na influenza. Virusi huchubua utando wa njia ya hewa, kisha bakteria hupata upenyo wa kushuka mapafuni na kuleta nimonia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, uliochunguza upya mapafu ya waliokufa katika janga la 1918, ulionyesha kuwa wengi wao walimalizwa na bakteria hao. Ndiyo maana homa iliyotulia kisha ikarudi ni ya kuogopwa kuliko ile ya kwanza, hasa kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee na wenye pumu, ugonjwa wa moyo au VVU.

Je, tumeze antibiotiki mapema? Hapana, haziui virusi, na kuzitumia ovyo huwapa bakteria usugu. Wala tusikimbilie dawa ya malaria. Huko Moshi, kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa mwaka 2007 na 2008, zaidi ya asilimia 60 walidhaniwa wana malaria, lakini waliothibitika ni asilimia 1.6 tu. Hata hivyo, Nduruma ni tambarare yenye mifereji ya umwagiliaji ambamo mbu huweza kuzaliana, hivyo kupima malaria ni lazima. Ila kipimo kikionyesha hakuna, uchunguzi uendelee. Mzazi ahesabu pumzi za mtoto aliyetulia: 40 au zaidi kwa dakika kwa mwenye mwaka mmoja hadi mitano, au kifua kinachobonyea ndani anapovuta hewa, ni dalili ya kumpeleka zahanati saa hiyo hiyo, hata kama ugonjwa ulianza kwa chafya tu.