Ubisoft na filon moja: namna gani kampani ya michezo ya video inaweza kukosa pumzi

Saa za mangaribi, wakati baba anarudi ku nyumba kisha posti, mara mingi watoto hawaonekane. Wako ku salle de jeux ya kipande: nyumba kidogo, televizyo mbili ao tatu, PlayStation, na makuta kidogo ya kulipa kwa kila partie. Wazazi wanauliza: ile michezo inatoka wapi, na nani anakula ile feza?

Leo tunawaelezea habari ya kampani moja ya Ufaransa yenye kutengeneza michezo ile. Jina yake ni Ubisoft. Tumeichagua juu magumu yake inafanana na mambo yenye sisi watu wa mine tunajua vizuri: filon moja yenye kulisha watu wengi, feza ya kutafuta filon ingine, na watu wenye kupoteza kazi siku hesabu inakataa kusimama.

Ndugu watano wa Bretagne

Ubisoft ilianzishwa mu mwaka 1986. Ku kwetu ule ulikuwa wakati wa nguvu ya Gécamines, mbele ya Kamoto kubomoka mu 1990. Kule Bretagne, ndugu watano wa jamaa ya Guillemot walikuwa wanauzisha vitu vya wakulima pamoja na wazazi wao. Wakaona kama faida iko mu ordinateri na michezo yake. Wakaanza kuuzisha michezo ya wengine, kisha wakatengeneza yao wenyewe. Mu mwaka 1995 walitoa Rayman, kamutu kenye mikono na miguu isiyoshikamana na mwili, na watoto wa dunia muzima wakakapenda. Mu 1997 wakafungua atelye kubwa mu Montréal, ku Canada. Mumoja wa wale ndugu, Yves Guillemot, njo anaongoza kampani.

Filon yenye hakuna mutu aliagiza

Mu kazi hii kuko njia tatu za kupata feza. Ya kwanza ni mufululizo: muchezo ukipendwa, unatoa wa pili, wa tatu, wa ine. Ya pili ni kuhamisha: muchezo ulitengenezwa kwa mashini moja, unaupeleka ku mashini ingine ao ku telefoni, na unauzisha tena. Ya tatu ni kujaribu kitu chenye hakuna mutu amekwisha kuona. Ile ya tatu ni sawa kutoboa udongo kwa sondage: unalipa kwanza, na labda utakuta paka mawe ya bure.

Filon kubwa ya Ubisoft ilitoka mu ile njia ya tatu. Mu mwaka 2003, Montréal ilitoa Prince of Persia: The Sands of Time, muchezo wenye ulisifiwa sana. Wakubwa wakaomba mufululizo. Lakini Patrice Désilets na wenzake, wakati walikuwa wanatengeneza ule mufululizo, wakaacha mutoto wa mufalme pembeni na wakafwata muuaji wa siri wa wakati wa vita vya Msalaba. Kazi yenye iliombwa kuwa Prince of Persia ikageuka kuwa kitu kingine kabisa. Mu 2007 ikatoka na jina Assassin's Creed. Wakubwa walitafuta mukuba mu shimo la zamani, na watu wa kazi wakawaletea shimo jipya.

Kuchimba kila mwaka

Kuanzia 2009, Ubisoft ikatoa Assassin's Creed kubwa kila mwaka: Italia, Marekani, bahari ya Caraïbes. Kila mutu mwenye amefanya kazi mu shimo anajua kinachofwata. Ukichimba mbio bila kutia mbao, siku moja paa inashuka. Mu mwezi wa kumi na moja 2014 walitoa Unity, habari ya Paris wakati wa Révolution, na muchezo ulikuwa haujaiva. Watu wa ndani walianguka mu udongo, sura zingine zilibakia macho na meno bila ngozi. Kampani ikaomba musamaha na kuwapa wenye walilipa kitu cha bure.

Hapo walifanya jambo la akili. Mu 2016 hawakutoa Assassin's Creed kubwa hata moja. Walipumzisha shimo. Mu 2017 wakarudi na Origins, yenye kusimulia Misri ya zamani, na watu wakafurahi tena. Mu 2020 ikatoka Valhalla, yenye iliingiza zaidi ya dola miliare moja. Tunasema hii juu ya haki: mufululizo si kitu kibaya. Njo ulikuwa unalipa mishahara. Ubaya unaanza wakati kampani inasahau kama hata filon yenye utajiri inaomba kupumzishwa, na kama ingine inapaswa kutafutwa wakati ile ya kwanza ingali inazaa.

Mufano mubaya ni Skull and Bones. Mu 2013, mapigano ya mashua ndani ya Assassin's Creed ilipendwa sana. Wakasema: tutoe ile kipande, tuifanye muchezo peke yake. Kazi ikapewa atelye ya Singapour. Muchezo ukatangazwa mu 2017, ukaahirishwa mara na mara, na ukatoka paka mu mwezi wa pili 2024. Feza ya miaka ile yote ilikuwa imekwisha kuliwa, na wachezaji hawakuja na furaha yenye kampani ilitumainia.

Kurudia mabaki

Kuhamisha muchezo, sisi tunaweza kuufananisha na kazi ya rejets. Mabaki yenye ilitupwa zamani ku Kolwezi, leo iko na kampani yenye kuiosha tena na kutoa mukuba na kobalti. Jiwe lilikwisha kuchimbwa. Unalipa paka kulisafisha.

Lakini hata pale mutu wa kazi anaweza kuumia. Rayman Legends ilitengenezwa kwa mashini moja tu, Wii U ya Nintendo. Ilipaswa kutoka mu mwezi wa pili 2013, na kazi ilikuwa karibu kumalizika. Lakini Wii U haikuuzika vizuri. Kampani ikasimamisha kila kitu na kusema: tungoje mpaka mwezi wa tisa, tuuhamishe ku mashini zingine. Kwa hesabu, walikuwa na haki. Kwa watu wa Montpellier wenye walilala ku kazi juu ya kumaliza ku wakati, ilikuwa uchungu, na walionyesha hasira yao wazi.

Wenye walipata jiwe zuri

Sasa tunafika mu mwaka 2024, mwaka wa magumu. Mu mwezi wa kwanza, watu wale wa Montpellier walitoa Prince of Persia: The Lost Crown. Hapana muchezo wa feza mingi. Ni kijana Sargon mwenye kukimbia, kuruka na kupigana, sawa ule muchezo wa kwanza wa Jordan Mechner wa 1989. Walithubutu hata kutia sauti ya Kiajemi, luga ya inchi yenye muchezo unasimulia. Wenye kuhukumu michezo wakausifu sana. Lakini haukuuzika namna kampani ilingojea, na mu mwezi wa kumi tukasikia kama ile ekipe imetawanywa, kila mutu ametumwa ku kazi ingine.

Muchezo wenyewe haukufa. Mu mwezi wa ine 2025 waliuhamisha ku telefoni. Pale sisi pia tuko ndani: betri ya telefoni inaomba kobalti, na kobalti mingi ya dunia inatoka mu Lualaba na Haut-Katanga. Jiwe lenye baba anachimba linaweza kurudi ku mukono ya mutoto na Sargon anaruka juu yake. Lakini wenye walimuumba Sargon hawako tena pamoja ku meza moja.

Mwaka ule habari zingine hazikuwa nzuri zaidi. Mu mwezi wa munane Star Wars Outlaws, yenye ilibeba jina kubwa, iliuzika chini ya matumaini. Mu mwezi wa kumi, watumishi wa Ufaransa walifanya grève ya siku tatu juu kampani iliwaamuru kurudi ku biro siku tatu kila juma. Mu mwezi wa kumi na mbili, kampani ikatangaza kufunga XDefiant, muchezo wenye ulikuwa haujamaliza hata mwaka, pamoja na atelye za San Francisco na Osaka: watu 277 wakapoteza kazi. Hisa moja ya Ubisoft, yenye mu 2018 ilipita euro 100, mu mwezi wa tisa 2024 ilikuwa imeshuka karibu na euro 10.

Feza ya Tencent

Assassin's Creed Shadows, habari ya Japani, iliahirishwa mara mbili. Safari hii hawakutaka kurudia kosa la 2014. Ilitoka tarehe 20 mwezi wa tatu 2025, na mu juma moja wachezaji walipita milioni tatu. Siku chache nyuma, kampani ikatangaza mapatano na Tencent, kampani kubwa ya China: euro miliare 1,16, na Tencent inapata karibu 25 kwa mia ya kampani mupya yenye kushika Assassin's Creed, Far Cry na Rainbow Six. Maana yake, shimo zenye kuzaa sana zimewekwa pembeni, na mugeni ameingia ndani.

Wasomaji wetu hawaombi tuwaelezee hesabu ya namna ile. Mu Katanga tunajua kama mushirika anaweza kuleta mashini na mishahara, na tunajua tena ulizo lenye linakuja nyuma: ile yenye inabakia inje ya mapatano, nani ataitunza? Mu Ubisoft, yenye inabakia inje ni Rayman, ni Prince of Persia, ni ile michezo kidogo yenye watu hutengeneza kwa roho yao.

Sisi hatusemi kampani iache Assassin's Creed. Watumishi maelfu wanakula juu yake, na nyumba ya mutu haijengwe na ndoto. Lakini hatusahau kama ile filon yenyewe ilitoka ku watu wenye waliagizwa kitu kimoja na wakaleta kingine, na wakubwa wa wakati ule waliwaachilia. Kampani yenye kutawanya watu wake wa sondage juu jiwe la kwanza halikulipa ku wakati, itachimba vizuri leo. Kesho itakuwa na mashini nzuri, bila mutu wa kuionyesha pa kuchimba.

Na wewe, baba ao mama, siku ingine ukienda kumuita mutoto ku salle de jeux, muulize muchezo ule ni wa ngapi mu mufululizo wake. Atakujibu mbio, watoto wanajua. Kisha muulize ni upi aliupenda hata kama wenzake hawaujue. Pale atafikiri kwanza.