Murithi, Muriithi, Mureithi: Mtu Mmoja au Watatu?

Anayesafiri kutoka Meru kwenda Chuka hupita Igoji, mji wenye chuo cha ualimu kiitwacho Egoji. Mwenyeji hababaiki kwa hilo, anajua ni pahali pamoja. Kompyuta ndiyo inayobabaika. Kwake I ni I na E ni E, na mtu akitafuta kumbukumbu za Egoji kwa kuandika Igoji, huenda akaambiwa hakuna kitu.

Chanzo ni hesabu ya irabu. Kimeru kina saba, alfabeti iliyoletwa ina tano. Zile mbili za ziada huandikwa î na û kwa kofia katika Kimeru, lakini Kiembu na Kikuyu huzivika kiwimbi: ĩ na ũ. Karani asiye na alama hizo kwenye kibodi huandika i au e, u au o, kadiri sikio lake linavyomtuma. Na masikio ya wamisionari walioanza kuandika majina ya eneo hili yalitoka mbali na mbali. Kigari, karibu na Embu, walikuwako Waanglikana wa CMS tangu 1910. Kaaga, nje kidogo ya mji wa Meru, Wamethodisti. Igoji, mapadri Waitaliano wa Consolata. Chogoria, Waskoti, ambako Dkt. Clive Irvine alifika mwaka 1922.

Hata alama zinapowekwa, mambo hayatulii. Kwa kompyuta, î yenye kofia na ĩ yenye kiwimbi zimeachana kama a na z. Isitoshe, ĩ hiyohiyo inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili, ama kama herufi moja kamili, ama kama i iliyofuatwa na kiwimbi chake. Kwenye skrini hazitofautiki.

Mbinu za kulinganisha majina yanayokaribiana zina umri mkubwa kuliko kompyuta zenyewe. Mwaka 1918 Robert Russell wa Pittsburgh, Marekani, alipewa hataza ya mbinu inayojulikana leo kama Soundex: ishike herufi ya kwanza, zitupe irabu, kisha konsonanti zenye sauti za jamaa moja uzipe tarakimu moja. Murithi, Muriithi na Mureithi, ambazo ni tahajia tatu za jina moja, zote zinatoka M630. Hapo mbinu imefaulu. Sasa ipe Njeru, Njiru na Njeri: zote N260. Lakini Njeru na Njiru ni majina mawili tofauti, moja la weupe na jingine la weusi, na Njeri ni mwanamke. Halafu Igoji inatoka I220 na Egoji E220, kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi. Inaunganisha wasiohusiana na kuwatenga walio kitu kimoja.

Mrusi Vladimir Levenshtein alikuja na kipimo kingine mwaka 1965. Yeye alihesabu ni herufi ngapi zinapaswa kuongezwa, kufutwa au kubadilishwa ili neno moja liwe lingine. Kutoka Murithi hadi Mureithi ni hatua moja. Kutoka Njeru hadi Njiru pia ni moja.

Kwa hiyo programu ya kuhudumia masjala ya Meru au Embu haiwezi kuazimwa tu ilivyo. Inahitaji kwanza kanuni za lugha zenyewe. Ondoa kofia na viwimbi. C na ch ziwe kitu kimoja, ili tahajia mbili za baraza la wazee wa Meru, Njuri Nceke na Njuri Ncheke, zikutane. U na w kabla ya irabu zisitenganishwe, maana jina la Mwimbi linaweza kuandikwa pia Muimbi. Ei na ii zigeuzwe i, na kina Murithi wote watapatana, ila e iliyo peke yake katika majina ya watu iachwe ilivyo, la sivyo Njeru amemezwa na Njiru. Igoji na Egoji ziingizwe katika orodha maalumu ya majina ya mahali.

Kigumu zaidi ni ile M’ ya wazee wa Kimeru. M’Ikiara humaanisha mwana wa Ikiara, na katika karatasi anaweza kugeuka Mikiara, M. Ikiara au Ikiara tu. Ukiikata M’ kiholela, baba na mwana wanakuwa mtu mmoja, na shamba linapogawanywa hilo si jambo dogo. Hapo programu inapaswa kutazama kwanza mwaka wa kuzaliwa, kata na nambari ya kitambulisho, na isiporidhika imwachie karani aamue.

Mifano ya kuifunza programu hiyo tayari imechapishwa. Matangazo ya mirathi katika Gazeti Rasmi la Kenya wakati mwingine huweka jina moja, kisha neno “alias”, kisha jina la pili la marehemu yuleyule. Ni jozi zilizokwisha kuunganishwa. Kazi iliyobaki ni kuzichuja, kwani nyingine si tahajia bali ni jina la ubatizo likikutana na la utani, na hizo zikiingia katika mifano zitaifundisha mashine kwamba jina lolote linaweza kuwa lolote.